Filta ya AC kwa nyumba yenye mtoto wa pumu: yaliyonikuta Nyegezi

Mkuu, umeuliza kama ununue filta ya HEPA, ile nene ya kunasa chembe ndogo sana, uipachike ndani ya AC ya ukutani, kwa kuwa mtoto ana pumu na nyumba yako ya Igoma, hapa hapa Mwanza, iko kando ya barabara ya vumbi. Usinunue. Mimi nilishafanya hivyo.

Mwanangu wa kwanza naye ana pumu. Kiangazi cha mwaka juzi vumbi lilituzidi, fundi akanishauri niweke filta nene nyuma ya ule wavu unaokuja na mashine. Wiki ya kwanza nilifurahi. Ya pili upepo ukafifia, na umeme wa LUKU uliokuwa ukinifikisha mwisho wa mwezi ukakata tarehe 19. Usiku mmoja maji yakaanza kuchuruzika ukutani hadi kwenye kitanda cha mtoto. Kufungua kifuniko, koili yote, yaani yale mabomba membamba yanayopoza hewa, imevaa barafu nyeupe kama ya friza. Nikazima, tukalala na joto letu.

Feni ya AC hizi imetengenezewa wavu mwepesi. Ukiiziba, hewa ya chumbani haifiki vya kutosha kwenye koili, koili inapoa kupita kiasi, unyevu unaganda juu yake. Kompresa nayo inafanya kazi bila kupumzika na chumba hakipoi. Wavu ule unailinda mashine tu. Chembe ndogo zinazombana mtoto kifua zinapita.

Kilichotusaidia ni kisafisha hewa kinachojitegemea, chenye HEPA halisi, ile inayonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Kinakaa chumbani kwa mtoto, mlango umefungwa. Hakikisha kinalingana na ukubwa wa chumba. Dawa za daktari tunaendelea nazo kama kawaida, tafadhali usimwachishe.

Namba za MERV ulizotajiwa dukani, zinazopima uwezo wa filta kunasa chembe, ni za mashine kubwa zenye mabomba ya hewa darini, zinazopoza au kupasha joto nyumba nzima. Huko MERV 8 inatosha kwa vumbi, na mwenye pumu anaweza kupanda hadi 11 au 13 iwapo kitabu cha mashine kinaruhusu. Mshale wa filta uelekee kwenye feni.

Wewe shughulika na wavu wako. Mimi naosha kila baada ya wiki mbili. Kiangazi, au wadudu wa ziwani wanapotanda kama moshi, kila wiki. Utakuta mbawa zao zimeshikamana na vumbi hadi zimekuwa kama kitambaa cha kijivu. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uyamimine kutokea upande wa nyuma ili uchafu utokee ulikoingilia. Anika kivulini, juani plastiki inajikunja. Kabla ya kuurudisha uinue dirishani: ukiona mwanga kwenye kila tundu, umetakata.