Warusi wanapenda fimbo? Ngoja nikusimulie bibi wa mlangoni

Mkuu, umeuliza kwa nini Warusi "wanapenda" kutawaliwa kwa fimbo, kuanzia matsar (wafalme wao), akaja Stalin, mpaka Putin. Waliokujibu kabla yangu wamesema ni damu, wengine baridi, wengine Wamongoli waliowatawala zamani. Mimi nilisoma uhandisi Moscow, 1988 hadi 1994, na hilo la damu nililiamini pia, hadi nilipozoeana na bibi mmoja aliyekuwa akilinda mlango wa bweni letu.

Kila ukiingia anataka kadi, wenyewe wanaiita propusk. Jina lako analijua, jana mmekula naye viazi, bado anataka kadi. Ukiisahau chumbani unasimama nje kwenye theluji mpaka mwenzako akuletee. Mwaka wa tatu, Kirusi changu kilipokomaa, nikamuuliza kwa hasira anaogopa nini. Akacheka. Akaniambia yeye alivuka miaka ishirini bila kuwa na pasi yenye jina lake.

Alizaliwa kijiji cha mkoa wa Ryazan, kwenye shamba la ushirika, kolkhozi. Desemba 1932 serikali ya Stalin ilirudisha pasi za kusafiria ndani ya nchi, lakini kwa watu wa mijini. Wakulima wengi wa kolkhozi hawakupewa. Bila pasi huandikishwi makazi mjini, na usipoandikishwa hupati kazi wala chumba. Ukitaka kuondoka unamwendea mwenyekiti wa kolkhozi akupe cheti, na mwenyekiti anadaiwa mavuno na wakubwa zake, kwa nini akuachie? Ujira wenyewe haukuwa fedha. Karani alichora kijiti kimoja daftarini kwa siku ya kazi, mwisho wa mwaka vijiti vinahesabiwa, mnagawiwa nafaka iliyobaki baada ya serikali kuchukua fungu lake. "Tulilimia vijiti," aliniambia, huku akichora mistari mezani kwa kidole alichochovya kwenye chai. Yeye alipona kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili walipita watu wa kuandikisha vibarua wa ujenzi. Mdogo wake alibaki. Uamuzi wa kuwapa pasi wakulima wote ulipitishwa 1974, na ugawaji ukaanza 1976. Nchi imempeleka mtu angani 1961, lakini mkulima wake hahamii mji wa jirani bila cheti!

Sasa njoo Januari 1992. Tarehe 2 serikali ya Yeltsin, rais wa Urusi, iliachia bei zijiendee zenyewe, na mwaka ule zilipanda zaidi ya mara 20. Bibi alikuwa na kitabu cha akiba benki, fedha alizodunduliza kwa ajili ya mazishi yake, sanda, jeneza na chakula cha matanga. Majira ya kuchipua alikifungua mbele yangu, akakitazama, akasema: "Ndiyo hiyo Siku ya Yuri yako, bibi!" Nikadhani anajisemea. Kumbe ni methali ya Kirusi, watu huitoa mtu anapotarajia kitu akakikosa, na neno "bibi" limo ndani yake tangu zamani.

Hii methali ndiyo iliyonifundisha historia ya Urusi kuliko mihadhara. Sheria ya 1497 ilimruhusu mkulima kumhama mwenye ardhi mara moja kwa mwaka, wiki moja kabla na wiki moja baada ya Siku ya Mtakatifu Yuri, Novemba 26, akishalipa madeni yake. Kuanzia miaka ya 1580 ruhusa hiyo ikaanza kusimamishwa, na sheria kuu ya 1649 ikaifuta kabisa: mkulima ni wa shamba, na watoto wake pia. Sababu inaeleweka kabisa. Tsar hakuwa na fedha za kulipa wanajeshi wake, akawalipa ardhi, na ardhi bila watu wa kuilima ni pori tu. Walipoachiwa huru 1861, wakulima waliomilikiwa na mabwana peke yao walikuwa milioni 20 na zaidi, na wakaambiwa ardhi wailipie kwa awamu za miaka 49. Deni lilifutwa 1907. Miaka 25 baadaye Stalin akaja na pasi zake. Piga hesabu mwenyewe bibi yule na mababu zake waliishi huru miaka mingapi.

Kuhusu Wamongoli: mji wa Novgorod nao ulilipa kodi kwa Wamongoli, na bado ulikuwa na baraza la mji, veche, lililomkaribisha mtawala na kumfukuza wakimchoka. Aliyelivunja ni Mrusi mwenzao, Ivan wa Tatu, mtawala wa Moscow, mwaka 1478, na kengele iliyokuwa ikiwaita watu barazani akaibeba. Mwaka 1591 mji wa Uglich uligonga kengele mwana wa mfalme alipokufa kifo cha mashaka, watu wakafanya ghasia. Kengele ikachapwa viboko, ikang'olewa ulimi, ikapelekwa uhamishoni Tobolsk, Siberia. Kengele! Ilirudi 1892. Mtawala anayeadhibu kengele hawezi kuwa na uhakika kwamba watu wanampenda.

Ya kati nayapitia mbio. Duma ya kwanza, yaani bunge (siyo duma wa Serengeti), ilifunguliwa 1906, haikumaliza hata miezi mitatu, tsar akaivunja. Bunge la Katiba lililochaguliwa mwishoni mwa 1917, ambamo Wabolsheviki, chama cha Lenin, walipata robo tu ya kura, lilikaa kikao kimoja Januari 1918. Usiku ukiwa mkubwa baharia mmoja mwenye silaha akamwendea mwenyekiti, akamwambia watawanyike, walinzi wamechoka.

La mwisho nililiona kwa macho yangu. Agosti 1991 wakubwa wa chama, jeshi na KGB, shirika la ujasusi, walijaribu kumpindua Gorbachev, rais wa Muungano wa Sovieti. Maelfu kwa maelfu waliteremka mitaani Moscow, wakapanga mabasi na vyuma kulizunguka jengo jeupe la bunge. Walilala pale kwenye mvua, wasichana wakiwapa wanajeshi mikate na kuwaomba wasipige. Yeltsin alipanda juu ya kifaru mbele ya jengo lile akapinga mapinduzi, na siku ya tatu yakaporomoka. Waliopenda fimbo walikuwa wapi siku zile?

Kisha Oktoba 4, 1993, jengo lilelile. Yeltsin amegombana na bunge, amelivunja kwa amri ambayo katiba haikumruhusu kuitoa, wabunge wamegoma kutoka, na jana yake wafuasi wao wenye silaha wameshambulia kituo cha televisheni. Asubuhi vifaru vikasimama darajani vikaanza kulipiga. Watu walikuwa juu ya mapaa wakitazama kama mpira. Takwimu rasmi zilitaja vifo 150 hivi. Siku mbili baadaye nilipita upande wa pili wa mto: ghorofa za chini nyeupe, za juu nyeusi tititi.

Ndiyo maana nabishana na wanaosema udikteta ulirudi na Putin. Katiba iliyomnenepesha rais ilipigiwa kura Desemba 12 mwaka uleule, nchi za Magharibi zikashangilia kwa sababu mshindi alikuwa mtu wao. Putin aliikuta mezani. Mwaka 2004 akaondoa uchaguzi wa magavana (ulirudi 2012, umechujwa), na 2020 mihula yake ikahesabiwa upya kutoka sifuri.

Bibi alipiga kura ile ya Desemba. Alirudi na viatu vimejaa theluji, akavivulia karibu na jiko la umeme, nikamuuliza amechagua nini. Ndiyo, akasema. Yeltsin mwenyewe hakumpenda, alimwita mlevi mbele ya kila mtu. "Wakipigana tena watawazika vijana," akasema, "na fedha za kuzikia hata mimi sina."

Kisha akanyoosha mkono, anataka kadi.