DVR inaonyesha picha kwenye monita, lakini TV ya sebuleni inaandika "No Signal"

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kamera nne za ulinzi, na DVR yake, yaani kisanduku kinachorekodi picha, iko stoo. Nikiiunganisha na monita ndogo ya kompyuta kwa waya wa VGA, picha zote nne zinaonekana vizuri. Sasa nimenunua TV janja ya sebuleni, nikavuta waya wa HDMI wa mita 20 kutoka stoo. TV inaandika "No Signal". Mara mojamoja picha hutokea kwa sekunde chache, kisha inapotea. Jirani ananishauri nichomoe waya wa kamera ya getini na kuuchomeka moja kwa moja kwenye tundu la antena la TV. Je, itafanya kazi? Na kuna njia ya kuona kamera kwenye TV bila waya kabisa?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kwanza kabisa, usichomoe kamera yoyote. Tundu la antena linapokea chaneli zilizopandishwa kwenye masafa ya redio, wakati kamera inatoa video ghafi. Hazisikilizani hata kidogo. Tundu la manjano la AV nalo linaelewa video ya zamani tu, ile ya CVBS, na kamera nyingi za sasa hutuma picha kwa mfumo wa TVI, CVI au AHD. Zipo kamera zenye kitufe kidogo kwenye mkia wa waya kinachozirudisha kwenye CVBS, lakini ukifanya hivyo picha yake inashuka ubora vibaya. Isitoshe, kamera uliyoichomoa kwenye DVR hairekodiwi. Siku mwizi akipita getini, hutakuwa na cha kuonyesha.

Kwa hiyo TV inaunganishwa na DVR, kama ulivyoanza. Tatizo lako ni moja kati ya mawili, au yote mawili: urefu wa waya, au ukubwa wa picha ambao DVR inautoa na TV inaukataa. Picha inayotokea na kupotea inanifanya niushuku waya zaidi, lakini tusikisie wakati kupima ni rahisi.

Zima DVR, chomoa nyaya zake zote ukiwa umeziwekea alama, kisha ibebe hadi sebuleni pamoja na adapta yake ya umeme na mausi. Huhitaji kamera kwa jaribio hili, kwa sababu hata bila kamera DVR huonyesha menyu yake. Tumia waya wa HDMI wa mita moja au mbili. Washa TV kwanza, chagua kwa rimoti namba ya HDMI uliyochomeka, ndipo uwashe DVR. Mpangilio huo una maana yake: baadhi ya DVR hukagua kioo kilichounganishwa wakati zinawaka, na zisipokikuta hazitoi picha ya HDMI hadi uzizime na kuziwasha tena.

Menyu ikionekana na kutulia, waya wako mrefu ndio wenye kosa. Isipoonekana kabisa, rudisha DVR stoo kwenye monita yako, bofya kitufe cha kulia cha mausi, ingia kwenye menyu kuu, halafu tafuta mipangilio ya jumla au ya kioo palipoandikwa "Resolution". Mara nyingi utakuta 1280x1024. Huo ni umbo la monita za kompyuta, na baadhi ya TV huukataa. Au utakuta 3840x2160, yaani 4K, ilhali TV yako huenda inaishia 1080p. Weka 1920x1080 (ndiyo hiyo 1080p), hezi 60. Ikikataa, shuka hadi 1280x720, ambayo karibu TV zote zenye HDMI huipokea. Ukishahifadhi, monita ya zamani inaweza kuwa nyeusi kwa sababu haimudu ukubwa huo mpya. Usishtuke, hamia kwenye TV. Na usiogope kushusha namba hiyo: inagusa kile kinachotoka kwenda kwenye kioo tu, haigusi ubora wa kinachorekodiwa kwenye diski.

Tukirudi kwenye waya, HDMI ya kawaida ya shaba huanza kusumbua ikipita mita 10 hivi, na kwa picha ya 4K husumbua mapema zaidi. Mita 20 ni kubahatisha. Una njia mbili nzuri. Moja ni waya wa HDMI wa nyuzi za kioo (fiber optic), ambao una mwelekeo: kichwa kimoja kimeandikwa upande wa chanzo, kingine upande wa TV, na ukivigeuza hupati picha. Nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni jozi ya visanduku vya kurefusha HDMI vinavyounganishwa kwa waya wa mtandao wa Cat6. Vingi hufikisha 1080p hadi mita 50. Hakikisha Cat6 yako ni ya shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba, na usiilaze sambamba na nyaya za umeme ndani ya bomba moja. Ukiweza, nunua vinavyobeba na USB, ili mausi ikae sebuleni. Vinginevyo utakuwa unaona picha kwenye TV lakini ukitaka kurudisha nyuma tukio la jana unakimbilia stoo.

Kuhusu bila waya: inawezekana ikiwa DVR na TV ziko kwenye rauta moja na DVR yako inatoa mkondo wa RTSP, yaani video ya moja kwa moja inayopita kwenye mtandao. Kwenye TV ya Android unaweka programu kama VLC na kuandika anwani ya mkondo huo, ambayo kwa kawaida hupita kwenye poti (mlango wa mtandao) namba 554. Muundo wa anwani hutofautiana kwa kila mtengenezaji, uangalie kwenye kijitabu cha DVR. Chagua mkondo mdogo (sub stream), wenye picha nyepesi, badala ya mkuu, hasa kama Wi-Fi yako si imara. Picha itachelewa kidogo, kwa hiyo kama lengo ni kuona anayebisha hodi sasa hivi, waya bado unashinda. Tengeneza mtumiaji mpya mwenye ruhusa ya kutazama tu, na nywila yake mwenyewe. Usiweke ya msimamizi mkuu ndani ya TV. Pia usifungue poti yoyote kwenye rauta kwa ajili ya kazi hii. Kila kitu kinaishia ndani ya nyumba, hakuna sababu ya kuifungulia intaneti nzima mlango.

Kama TV ni ya OLED, usiache picha hizo nne zikae kioo kizima mchana na usiku. Mistari ya kugawanya na maandishi ya saa yanaweza kuacha alama ya kudumu. Na kwa kuwa sasa DVR itaonekana sebuleni, washa kujifunga kwake yenyewe baada ya dakika chache, kwa sababu yeyote atakayeshika mausi ikiwa wazi anaweza kufuta diski yote.

Fanya kwanza jaribio la waya mfupi. Likikwama, niandikie modeli ya DVR, modeli ya TV, na namba uliyoikuta kwenye "Resolution" kabla hujaibadilisha.