Bangi zikimkataa mdogo wako, mpeleke hospitali mapema

Kulewa bangi ni suala la saa chache. Kijana aliyevuta juzi, leo bado anasikia sauti na usiku halali, huyo ameshaumwa. Huku kwetu Tanga watu husema bangi zimemkataa, halafu wanakaa kungoja zimtoke. Nakuomba usingoje.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 20, yuko chuo. Kabla ya sauti alianza kukesha, akaacha kuoga, akaacha hata mpira. Jioni moja nilimkuta amefunika televisheni kwa khanga ya mama. Akaninong'oneza, "Dada, yule mtangazaji ananitaja mimi." Kumbishia mtu wa hali hiyo kunamzidishia hofu, na kumkubalia ni kumpoteza zaidi. Nilimjibu, "Mimi sisikii akikutaja, ila naona unaogopa. Nipo hapa." Tukakaa. Asubuhi alikubali kutoka na mimi kwa sababu hakuniona adui.

Mjomba alitaka afungwe kamba apelekwe kwa mganga. Mama alitaka dua. Dua tulisoma, na hospitali ya rufaa ya mkoa tukaenda siku hiyohiyo. Kamba nilikataa kabisa. Mgonjwa akishafungwa na ndugu zake, ni vigumu kuwaamini tena wakimletea dawa.

Ukifika kwa daktari, sema ukweli wote: anavuta nini, mara ngapi, tangu lini. Najua familia nyingi huficha kwa kuogopa polisi, lakini yule aliyetupokea aliuliza ili ajue namna ya kumtibu. Aliuliza pia kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kuugua akili. Yupo, shangazi yetu. Ukoo wenye historia hiyo uwaambie vijana wake waziwazi wakae mbali na bangi, hasa skanka, aina ya bangi iliyo kali zaidi.

Wengi wanaovuta hawaugui, na hilo ndilo vijana wa kijiweni watakujibu. Ni kweli. Lakini Sweden walifuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini mwaka 1969 na 1970. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, mara sita zaidi ya wasiovuta kabisa. Ubongo wa kijana unaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo anayeanza shuleni anajiweka pabaya zaidi.

Kazi kubwa inakuja akishatulia. Majirani watasema amepona, dawa za nini tena, zinamnenepesha na kumlaza. Madhara hayo yapo, mwambie daktari abadilishe dawa au dozi, msimwachishe wenyewe. Utafiti wa Denmark uliotoka 2018 ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliochanganyikiwa kwa bangi baadaye waligundulika na skizofrenia au baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Kwa hiyo kliniki haikosi, hata akionekana mzima. Na marafiki zake waendee mwenyewe, uwaombe kwa heshima wasimwite tena kijiweni. Wa kwake walinisikiliza kuliko nilivyotarajia.

Akianza kusema atajiua, au sauti zinamwamrisha amdhuru mtu, usingoje siku ya kliniki. Ondoa visu na dawa karibu naye, asibaki peke yake, mpelekeni idara ya dharura usiku huohuo.