Moyo unakimbia, ECG inasema uko sawa

Swali: Shikamoo daktari. Mi ni mama wa watoto wawili, miaka 34. Yapata miaka 6 sasa, mara moja kila baada ya wiki kadhaa, moyo huwa unaanza kukimbia ghafla tu, naweza kuwa nimeinama nafunga kamba za viatu vya mtoto, mara pap, umeanza, nasikia kitu kinarukaruka hapa shingoni, nguvu zinaniisha, nakaa chini dakika 20 saa nyingine nusu saa halafu unakata ghafla vilevile ulivyoanza. Nikifika hospitali umeshatulia, wananipima ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo, wananiambia moyo wako mzima, punguza mawazo. Juzi daktari mwingine kanitajia ablesheni, kwamba wanaingia ndani ya moyo wanachoma. Kuchoma moyo jamani? Naogopa, na nimeanza kuamini labda kweli ni mawazo yangu.

Jibu: Marahaba mama. Sio mawazo yako, na naumia kila nikisoma barua kama hii maana zinakuja nyingi na karibu zote zinatoka kwa wanawake. Umeandika mambo mawili ambayo yangetosha kumshtua daktari yeyote mwenye muda wa kusikiliza. La kwanza, unaanza ghafla na kukata ghafla, kama mtu anawasha na kuzima taa. Moyo wa mtu mwenye wasiwasi kwa kawaida haufanyi hivyo, unapanda taratibu na kushuka taratibu. La pili hiyo shingo. Moyo una vyumba vya juu na vya chini, kawaida vya juu vinabana kwanza halafu vya chini vinafuata, sasa kuna ugonjwa wa mapigo ambao vyote vinabana kwa pamoja, damu inakuta mlango umefungwa inarudi nyuma kwenye mishipa ya shingo, ndo hicho unachosikia kinaruka.

Na ile ECG haikudanganya, ilipima wakati ambao hakuna kitu. Inachora kama sekunde 10 tu za moyo wako, we shida inakuja mara moja kwa wiki kadhaa, zitakutana wapi? (Kuna aina moja inaitwa WPW ambayo huacha alama hata moyo ukiwa umetulia, kwahiyo hizo karatasi za zamani usizitupe, mpelekee daktari wa moyo aziangalie tena.) Kazi ni kuyakamata mapigo yakiwa yanatokea. Wengi wanapewa Holta, mashine ndogo unayotembea nayo inarekodi mapigo, ya saa 24 au 48, kwa mtu ambaye moyo unakimbia kila siku hiyo ni nzuri, kwako wewe itarudi tupu halafu utaambiwa tena uko sawa. Omba ya kubandika kifuani ya wiki mbili. Kwa watu ambao shida inakuja mara mbili kwa mwaka, au wanaozimia bila sababu kujulikana, kuna kirekodi kidogo kinawekwa chini ya ngozi kinakaa hata miaka 3. Na ukishikwa karibu na kituo chochote cha afya chenye ECG ingia hapohapo, usisubiri utulie, wakishachora ipige picha na simu yako uwe nayo. Picha moja ya namna hiyo inamaliza ubishi wa miaka 6.

Haya, kuchoma. Moyo unaendeshwa na umeme wake wenyewe, unaanzia juu kulia unapita kwenye kituo kimoja katikati ndo unashuka chini. Watu wenye dalili kama zako mara nyingi wana njia mbili hapo kwenye kituo, moja ya haraka na moja ya polepole, siku umeme ukishuka na hii ukapanda na ile, unaanza kuzunguka tu kama gari kwenye raundabauti lisilopata pa kutokea. Daktari anakupiga ganzi kinenani, anapitisha waya laini unaitwa katheta kwenye mshipa hadi moyoni, anapima umeme sehemu kwa sehemu halafu anauanzisha ule mbio makusudi. Hapo wagonjwa huwa wanashtuka, wengine wanalia, maana kwa mara ya kwanza kuna mtu anaiona shida yao kwenye skrini. Akiipata ile njia ya polepole anaipasha moto kwa ncha ya katheta, au anaigandisha kwa baridi, kinabaki kikovu cha milimita chache na umeme haupiti tena pale. Kwa aina hiyo wanaopona ni zaidi ya 95 kwa kila 100. Hatari ipo na usisaini kabla hujaelezwa: kinena kuvilia damu ndo kawaida zaidi, na kama mmoja kwa 100 kile kituo chenyewe kinaumia akahitaji kuwekewa pesimeka, kifaa cha kusaidia moyo unaokwenda polepole. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Ukishikwa kabla hujafika huko, kaa nusu umelala, puliza kwa nguvu kwenye bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano kana kwamba unataka kusukuma ile plastiki ya ndani, sekunde 15, halafu lala chali na mtu akunyanyue miguu juu sekunde 15. Uchunguzi uliofanyika Uingereza ukatoka 2015 uliona njia hii inarudisha mapigo kwa watu 43 kati ya 100, bila kulala na kunyanyua miguu ni 17 tu. Ila ukizimia, ukibanwa kifua au pumzi, achana na bomba, kimbia emajensi.

Swali: Baba yetu ana miaka 71, alikuwa anazimia, kawekewa kifaa kifuani wiki mbili zilizopita. Mtu kamwambia kitakuwa kinampiga shoti, sasa hataki kushika simu, mkono hausogezi kabisa, hata wajukuu hawabebi. Tufanyeje?

Jibu: Poleni. Tafuteni kwanza kadi aliyopewa wakati anatoka, imeandikwa ni kifaa gani, maana watu wanachanganya viwili. Pesimeka ni ya moyo unaokwenda polepole au unaosimama kidogo, inatuma umeme mdogo sana ambao hausikii, haipigi shoti kamwe. Difibrileta ya kupandikizwa ndo inapiga, na imetengenezwa kupiga mapigo yakiwa ya kuua, inauma kama teke la kifua lakini ndo imemrudisha. Akipigwa mara moja na yuko vizuri, pigeni simu kliniki. Akipigwa mara mbili au zaidi, au hajisikii vizuri, ni emajensi.

Simu atumie, sikio la upande usio na kifaa, isikae mfuko wa shati juu yake, nafasi ya sentimita 15 inatosha. Mkono ndo unanitia wasiwasi. Kiwiko kisipande juu ya bega kwa wiki 4 hadi 6 ili waya zishike, kubeba vitu vizito hapana, lakini kuuacha bila kusogea kabisa bega litaganda, kwahiyo auchezeshe taratibu, mtoto amkalie upande wa pili. Kidonda kikiwa chekundu, kikivimba au kutoa maji rudini siku hiyohiyo, na asikubali mtu yeyote akitoboe na sindano. Akianza kuzimia tena pia rudini, waya inaweza kuwa imeteleza.

Mwambieni habari ya Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kupandikiziwa pesimeka, Oktoba 1958. Ile ya kwanza ilifanya kazi saa chache tu. Akabadilishiwa vifaa hadi vikafika 26, akafariki 2001 akiwa na miaka 86.

Swali: Nilifanyiwa ablesheni ya AF, ule ugonjwa wa vyumba vya juu vya moyo kupiga bila mpangilio, wiki ya tano sasa mapigo yamevurugika tena. Imefeli? Na naweza kuacha dawa za kuyeyusha damu?

Jibu: Haijafeli bado. Moyo uliotoka kuchomwa unavurugika wakati unapona, kwahiyo madaktari hawatoi hukumu kabla ya miezi 2 au 3. Wajulishe tu, wanaweza kukuongezea dawa, na wengine huwa wanarudia mara ya pili. Dawa ya damu usiache. Hata ukijisikia mzima kabisa, uamuzi wa kuiacha hauangalii mapigo yametulia kiasi gani, unaangalia umri wako, presha, kisukari na kama umewahi kupata kiharusi, na ni mazungumzo ya kliniki miezi hiyo ikishapita.