Kabla Hujatoboa Ukuta: Ninavyoijaribu Waifai ya Uani

Tangu nifunge waifai ya nje hapa nyumbani Goba, kila ndugu anayekuja kututembelea ananiuliza swali lilelile: "Hiki kidude kinafika mita ngapi?" Kwenye boksi kuna namba za mamia ya mita na sina ugomvi nazo. Kwenye uwanja mtupu, vifaa viwili vikitazamana, inawezekana kabisa. Ila mimi siishi uwanjani. Nina mwembe mkubwa, tanki la maji la lita 5,000 juu ya mnara wa zege, banda la kuku la mabati, na vyumba viwili vya uani anakokaa mpwa wangu anayesoma chuo. Kwa mji wa namna hii mita hazisemi kitu. Cha kuuliza ni hiki: pale mtu anapokaa hasa, akiwa na simu yake mwenyewe, data inaenda na kurudi vizuri? Hilo linapimika, tena kabla hujashika drili.

Ruta ya sebuleni isilaumiwe bure. Ukuta mmoja wa tofali za saruji unaweza kula desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kumi hivi, pengine zaidi, na mpaka kufika uani mawimbi yanakuwa yamevuka kuta mbili au tatu. Wengi wanadhani dirishani ndiko yanakopita kwa urahisi. Siyo kwa haya madirisha yetu ya siku hizi: kile kioo cha kujitazama ukiwa nje kina utando mwembamba wa metali, halafu nyuma yake kuna grili ya nondo. Na kile kiongeza waifai cha kuchomeka kwenye soketi, ambacho ndicho watu hukimbilia kwa sababu ni rahisi, mara nyingi kinapokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kasi inapungua karibu nusu. Bado umekiacha ndani ya ukuta uleule uliokuwa unakusumbua.

Nilichojaribu mimi ni EAP225-Outdoor ya TP-Link, ile aksesi pointi (kifaa cha kurusha waifai) ya nje yenye antena mbili, inayorusha kwenye masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5, na inayopata umeme kupitia waya uleule wa mtandao. Siiuzi. MikroTik na Ubiquiti nao wanavyo vya aina hii, na namna ya kupima ni moja.

Achana na mistari ya waifai kwenye kioo cha simu. Tafuta namba yenyewe, ile ya dBm, yaani nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu. Kwenye Android, programu ya WiFi Analyzer inaionyesha. Pia ukifungua sehemu ya wasanidi (Developer options) kwenye mipangilio, unaweza kuwasha maelezo marefu ya waifai na namba ikajitokeza pembeni ya jina la mtandao. Kwenye iPhone, Apple hawaruhusu programu nyingi kuiona, lakini AirPort Utility yao wenyewe inaionyesha ukishaiwashia ruhusa ya kuchunguza waifai kwenye mipangilio. Namba ni hasi, kwa hiyo -60 ni bora kuliko -75. Ikishuka kwa 3, nguvu imebaki nusu. Ikishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Mafundi wengi huchukua -67 kuwa kiwango cha kutosha kupiga simu ya video bila kukwaruza. Kabla sijaweka chochote, mlangoni kwa mpwa wangu namba ilikuwa ikichezacheza kwenye -82, na simu bado ilionyesha mstari mmoja wa matumaini.

Sasa hapa ndipo mimi na fundi tulipotofautiana. Tulikuwa tumekifunga kile kifaa kwa muda tu, kikiwaka. Akachukua simu yake, akatembea hadi nyuma ya banda la kuku, akarudi anatabasamu.

"Bosi, mistari imejaa yote. Tutoboe?"

"Ngoja kwanza fundi. Rudi kulekule, unipigie WhatsApp ya video."

Akapiga. Yeye alikuwa ananiona vizuri kabisa, ananiambia mpaka rangi ya shati. Mimi kwangu picha yake ilikuwa imeganda, mdomo wazi, sauti inakuja vipande vipande.

Kisa chenyewe ni hiki. Kifaa cha ukutani kina umeme wa kutosha na antena nzuri, kwa hiyo kinapaza sauti. Simu inabana betri na antena yake imefichwa ndani ya kasha, kwa hiyo inajibu kwa kunong'ona. Mistari unayoiona kwenye simu inakuambia tu kwamba simu inasikia. Haikuambii kama inasikika. Ndiyo maana kuongeza nguvu ya kurusha mpaka mwisho, ushauri unaotolewa kila mahali, unaongeza mistari na kuliacha tatizo palepale. Mimi yangu nimeiweka katikati, na sioni nilichopoteza.

Kwa hiyo pima pande zote mbili. Na usipime kwa Speedtest, ile programu ya kupima kasi ya intaneti, peke yake, kwa sababu yenyewe inapima kila kitu kwa mpigo: waifai yako, kifurushi chako, na foleni iliyopo kwa mtoa huduma wako saa hiyo. Kama umelipia megabiti 20, itakuonyesha 20 hata kama redio yako ina uwezo wa 200, na ikishuka hutajua nani kaishusha. Ninachotumia ni iperf3, programu ya bure inayopima kasi kati ya vifaa vyako viwili bila kupitia intaneti. Laptopu naichomeka kwenye ruta kwa waya, naandika iperf3 -s, inakaa inasubiri. Kwenye simu naweka programu yenye iperf3 ndani, naipa anwani ya ile laptopu, natembea. Ukiiacha kama ilivyo, simu ndiyo inayotuma. Ukiongeza -R, laptopu ndiyo inayotuma. Hiyo herufi moja ndiyo iliyomaliza ubishi wangu na fundi: nyuma ya banda kushuka (data kuja kwenye simu) kulikuwa megabiti thelathini na kitu, kupanda (data kutoka kwenye simu) hata tatu hazikufika.

Namna ya kutembea nayo ina maana. Usisimame katikati ya ua ukiwa umenyoosha mkono juu. Kaa kwenye kiti pale anapokaa baba baada ya kula, shika simu anavyoishika yeye, halafu geuka mpe mgongo kile kifaa. Mwili wa mtu una maji mengi na unazuia mawimbi. Kugeuka tu kunaweza kula desibeli kadhaa. Pima mchana, kisha rudia saa mbili usiku majirani wakiwa wamerudi na ruta zao zote zinafanya kazi. Na kama una mti mkubwa, pima tena mvua ikishakatika, majani yakiwa yamelowa. Mwembe wangu mkavu na mwembe wangu uliolowa ni vitu viwili tofauti, hasa kwa GHz 5.

Kifaa chenyewe kipandishe juu bila kutoboa. Mimi nilitumia mrunda mmoja uliobaki kwenye ujenzi, nikakifunga kwa mpira wa baiskeli, waya mrefu umeburuzwa chini mpaka sebuleni. Mwanangu alishikilia mrunda, mimi nikazunguka. Sehemu ambayo kila mtu alikuwa ameshaipigia kura ni mnara wa tanki: kuko juu, kunaona ua mzima. Kwenye vipimo ikawa ndiyo sehemu mbaya. Maji yanakula mawimbi, kwa hiyo upande wote ulio nyuma ya tanki ulikuwa gizani, na huo ndio upande wa vyumba vya uani. Halafu antena hizi zikisimama wima zinarusha zaidi kwa pembeni, kidogo sana kwenda chini, kwa hiyo waliokaa chini ya mnara walikuwa hawapati kitu cha maana. Kona ya baraza la nyuma, chini kidogo ya ukingo wa bati, kama mita tatu kutoka ardhini, ndiyo iliyoshinda. Mlangoni kwa mpwa nikapata -61 kwenye GHz 2.4, na nyuma ya banda kupanda kukafika megabiti kumi na kitu. Kule nyuma ya banda sitaki zaidi ya hapo. Kuku hawaangalii mpira.

Kuhusu GHz 2.4 na GHz 5, kwa umbali uleule na antena za aina moja, GHz 5 inafika dhaifu kwa desibeli 7 hivi hata kabla haijakutana na jani. Lakini ina nafasi kubwa na majirani wachache. Barazani na chini ya mwembe inaiacha 2.4 mbali sana. Kwenye kona za mbali 2.4 ndiyo inayobaki. Mimi naacha zote mbili, ila 2.4 naiwekea upana wa MHz 20 na chaneli 1, 6 au 11, yoyote iliyo tulivu zaidi jioni. Ukikaa kwenye chaneli 3 kwa kudhani umewakwepa watu, unapigana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Na ukichagua chaneli ya GHz 5 kuanzia 52 hadi 144, usishtuke kifaa kikiwaka halafu jina la mtandao lisionekane kwa dakika nzima: kinasikiliza kwanza kama kuna rada.

Kitu kingine kitakachokuchanganya wakati wa kupima ni simu kung'ang'ania ruta ya ndani. Umetoka, umefika uani, uko mita tano kutoka kwenye kifaa kipya, simu bado imeshikilia ile ya sebuleni ikiwa kwenye -80. Uamuzi wa kuhama ni wa simu. Wakati wa majaribio, ipe waifai ya nje jina lake tofauti ili ujue unachopima. Ukishamaliza, rudisha jina moja na nywila moja, punguza nguvu ya ruta ya ndani kidogo, na simu nyingi zitaanza kuhama zenyewe. Na kama unatumia ruta ya zamani badala ya aksesi pointi, zima kazi yake ya kugawa anwani (DHCP), vinginevyo nyumba itakuwa na wagawaji wawili na watu watakuwa wameunganishwa bila intaneti.

Waya usiubanie hela. Kwenye maduka mengi utakuta waya za mtandao za Cat6 za bei ya kutupwa ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Omba kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Waya huo una ukinzani mkubwa, na kwa kuwa umeme wa kifaa unapita humohumo, ukiwa mrefu kifaa kinawaka vizuri kikiwa hakina kazi, kisha kinajizima watu wanne wakianza kuangalia video. Utalaumu redio bure. Mwisho wa waya wa mtandao ni mita 100, uani kwetu hatufiki huko. Chukua wa nje wenye gamba jeusi gumu, maana ule wa kijivu wa ndani jua letu linaupasua.

Angalia pia aina ya umeme. Hiki changu kinakubali 802.3af, kiwango cha kawaida cha umeme wa kupitia waya wa mtandao, na pia ile ya volti 24 inayokuja kwenye boksi, lakini si vifaa vyote viko hivyo. Usiazime adapta ya jirani kwa sababu tu plagi inaingia.

Maji nayo. Kwenye kifaa utakuta alama ya kinga: IP65 maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaingii; IP67 inavumilia hata kuzamishwa kwa muda mfupi. Lakini hizo namba ni za kasha. Hazilindi tundu ulilotoboa wewe. Toboa ukiinamisha drili ili tundu lishuke kuelekea nje, na kabla waya haujaingia ukutani uache ulegee chini kidogo, maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuufuata waya mpaka sebuleni. Skrubu nunua zisizoshika kutu, hasa kama unakaa karibu na bahari.

Radi sina mzaha nayo. Si lazima ikupige wewe. Ikipiga jirani, waya mrefu wa shaba ulioko nje unaweza kubeba msukumo hadi kwenye ruta na televisheni. Weka kinga ya radi ya waya wa mtandao pale unapoingilia nyumba, na kinga hiyo iwe imeunganishwa na waya wa ethi wa kweli, siyo uliofungwa kwenye nondo yoyote iliyokuwa karibu. Kinga isiyo na ethi ni pambo. Kipindi cha masika mimi nachomoa kabisa wingu likianza kunguruma.

Kwenye LUKU hutaumia. Kifaa kikila wati 10 usiku na mchana ni uniti 7 hivi kwa mwezi, na muda mwingi kinakula chini ya hapo. Kazi inakuja umeme ukikatika, kwa sababu kuna vitu vitatu vya kuwasha kwa pamoja: kile kiboksi cha faiba, ruta, na kifaa cha nje. Hivi vibetri vidogo vya ruta vinavyouzwa sasa vingine vina tundu la kutoa umeme kwenye waya wa mtandao, lakini soma volti zilizoandikwa pembeni ya tundu kabla hujachomeka, na ujaribu kwa kuzima swichi kuu ukiwa na mtu uani kwenye simu ya video.