Laini Begani, Kali Kwenye Chemba: Maswali Yenu Kuhusu Shotigani za Zamani

Safari hii nimeyaweka pamoja maswali ya wenye shotigani za kizamani, zile za mitutu miwili pacha. Wengi wanataka kujua risasi ipi ya presha ndogo inayozifaa.

Swali: Shikamoo fundi. Nimerithi Webley & Scott ya babu, geji 12, na leseni ninayo. Inapiga teke kweli kweli. Muuzaji kaniambia nichukue risasi za gramu 24, eti ni laini, hivyo mitutu itakuwa salama. Ni kweli? (Iringa)

Jibu: Marahaba. Alichokwambia ni nusu tu. Teke unalolisikia begani linatokana na uzito wa marisau na kasi yanayotoka nayo. Presha ya ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, ni habari nyingine. Hiyo inategemea sana baruti inavyoungua. Risasi nyingi nyepesi za kulengea visahani vya udongo hutiwa baruti ya haraka, inayofikia kilele cha presha palepale kwenye chemba. Risasi ya gramu 30 yenye baruti ya taratibu inaweza kukuumiza bega zaidi huku ikiibana mitutu kwa presha ndogo zaidi. Kwa hiyo bega lako si kipimo cha presha.

Soma boksi. Tafuta urefu wa chemba inayokusudiwa na presha kwa bar, ambacho ndicho kipimo chake. Kama presha haikuandikwa, muulize mtengenezaji; wa maana hukujibu. Hata hivyo usizitupe risasi nyepesi, maana zina faida yake kwa kitako. Mbao ya miaka themanini iliyonyweshwa mafuta ya bunduki hulainika pale inapokutana na chuma, na ndipo inapoanza kupasuka. Ukipata risasi nyepesi na ya presha ndogo kwa pamoja, umepata unachotaka. Na tafadhali, usifungue risasi ya dukani upunguze baruti mwenyewe.

Swali: Mitutu ya bunduki yangu imeandikwa 2½". Risasi za milimita 70 zinaingia bila shida na bunduki inafunga vizuri. Mbona nakatazwa? (Nakuru)

Jibu: Kwa sababu urefu ulioandikwa ni wa ganda likiwa limeshafunguka. Risasi mbichi mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo ni fupi na inaingia hata isikotakiwa. Chemba ya inchi 2½ ndiyo inayoitwa ya milimita 65. Ukifyatua ya 70, mdomo wa ganda unafungukia pale chemba inapoanza kuwa nyembamba kuingia kwenye mtutu, unaziba sehemu ya njia ya kizibo na marisau, na presha inapanda. Huenda ukapiga nyingi usione kitu, lakini kila mlio unaisumbua bunduki.

Kuna risasi za milimita 67 ambazo boksi lake linasema wazi kwamba zinafaa chemba ya 65. Hizo tumia. Eley Grand Prix, kwa mfano, hupatikana kwa ganda la 65 lenyewe. Fundi akikushauri kurefusha chemba, jua kwamba anapunguza chuma mahali penye presha kubwa kuliko pote. Kwa sheria za Uingereza bunduki hiyo lazima ipimwe upya uimara wake.

Swali: Yangu ina alama "3 TONS". Boksi linasema bar 740. Nimepiga hesabu, tani tatu kwa inchi ya mraba hazifiki hata bar 500. Nimekuwa nikiiua bunduki? (Leicester)

Jibu: Hesabu yako ni sahihi, ila umelinganisha vipimo viwili visivyolingana. Tani zile zilipimwa kwa kipande kidogo cha metali laini kinachobonyezwa na gesi, na njia hiyo husoma chini kuliko vihisio vya umeme vya leo. Usizigeuze kwa kikokotoo. Hata hivyo wasiwasi wako una msingi: bar 740 ni kikomo cha CIP, shirika la kimataifa la viwango vya bunduki na risasi, kwa risasi za kawaida za geji 12 za chemba ya 70, nacho si cha bunduki yako. Tafuta zilizotengenezwa kwa chemba ya 65. Ukiagiza za Marekani kuwa mwangalifu zaidi, kikomo chao cha kawaida ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 11,500, yaani karibu bar 793.

Nawe uko jirani na Birmingham, ambako nyumba ya kupima uimara wa bunduki imekuwepo tangu 1813. Wapelekee.

Swali: Mitutu yangu ya Ubelgiji ina michoro ya mawimbi, ile wanayoiita Damascus. Nitundike ukutani? (Muscat)

Jibu: Michoro peke yake haikwambii kitu. Tazama alama. Bunduki za Liège zilizopimwa kwa baruti isiyo na moshi zina herufi PV na simba juu yake. Kama haina alama hiyo, au inayofanana nayo, ilipimwa kwa baruti nyeusi tu, na mimi singeitia risasi ya kisasa hata ya presha ndogo.

Kama alama ipo, itoe mitutu uielekeze dirishani. Mwanga ndani ujipange kwa duara safi, moja ndani ya nyingine. Duara likivunjika na kuwa na kivuli, pana bonde au uvimbe. Kisha ning'iniza mitutu kwa kidole, uigonge kwa kifundo: ikilia kama kengele, vizuri, ikitoa mlio mfu, pengine kiungo kinachoishika mitutu pamoja kimeachia. Unene wa kuta mwachie fundi mwenye kipimo. Mimi chini ya nusu milimita siikubali.

Swali: Naweza kutumia marisau ya chuma kwa bata? (Leeds)

Jibu: Katika bunduki ya zamani, hapana. Chuma hakibonyei, na mdomo wa mtutu uliobana unaweza kuvimba. Kwa kuwa risasi ya plumbi kwa bata ilipigwa marufuku England tangu 1999, nunua bismathi. Ni ghali, lakini ni laini, na utaipata kwa ganda la 65.

Swali: Ninazo geji 12 na 20. Naweza kubeba risasi zote mfuko mmoja? (Arusha)

Jibu: Usithubutu. Ya 20 ni nyembamba kuliko ya 12, hivyo huteleza ndani ya chemba ya 12 na kukwama mbele. Ukidhani hujajaza, ukaweka ya 12 nyuma yake, mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo maana maganda ya 20 huwa ya njano. Bunduki moja, mfuko wake.