Mwanangu, umeuliza milki ni nini

Mwanangu Mwanahamisi,

Marahaba. Huku hatujambo. Unasema mteja alikuuliza ofisini "real estate" kwa Kiswahili ni nini, ukamjibu "mali halisi", wenzako wakacheka na hukujua umekosea wapi.

Umekosea kwenye hilo "real". Hapo halihusu uhalisi. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kitu. Zamani Uingereza mtu akinyang'anywa ardhi, mahakama iliweza kumrudishia ardhi yenyewe, yaani kitu chenyewe; kwa vyombo vyake, mara nyingi aliambulia fidia tu. Wanasheria wetu husema mali isiyohamishika, wizarani utasikia sekta ya milki, madalali wanasema nyumba na viwanja. Mimi naipenda milki, maana inakulazimisha kuuliza: mtu anamiliki nini hasa?

Ile karatasi ya babu yako ya shamba la Pangani ninayo kabatini, imekunjwa mara nne, wino wa bluu umefifia. Hakuna hata eka moja iliyotajwa humo. Imeandikwa minazi 41, mikorosho 6, kisima kimoja, na majina ya mashahidi wawili. Usidhani babu alinunua miti akasahau shamba. Siku zile ardhi tupu haikuwa na bei kisheria. Ulichomlipa mwenzio ni jasho lake, yaani maendelezo: miti aliyopanda, kisima alichochimba. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilitamka kwamba haki juu ya ardhi ina thamani. Hata hivyo, mpaka leo ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Wewe unapewa haki ya kuikalia na kuitumia, na hati za mjini huwa za miaka 33, 66 au 99.

Kwa hiyo mteja akikuletea nyumba ya kuuza, usianze na vigae. Uliza hati imebakiza miaka mingapi, na mwenzi wake ameridhia? Baba yako mdogo alinunua kiwanja ambacho mke wa muuzaji hakushirikishwa. Alizeekea barazani mwa mahakama, na mpaka leo sipendi kumkumbusha.

Karatasi ya babu nitakuletea Idi, uione kwa macho yako. Juzi nilikwenda shambani nikahesabu: minazi iliyosimama ni 19. Kisima bado kina maji.

Mama yako